Diski Iliyotoka Muyinga

Mwanamke aliyeileta aliipakata safari nzima kutoka Muyinga, imefungwa ndani ya kitenge. Aliiweka juu ya meza yetu pale Gitega, akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Imekufa," akasema. "Ila nataka mtu aniambie kama imekufa kabisa."

Ilikuwa diski ya kompyuta, kile kisanduku cha chuma ambacho mashine huweka ndani yake kila kinachoandikwa. Niliinusa kabla ya kuigusa, kama nilivyofundishwa. Ilinuka plastiki iliyoungua.

Mwaka ule wa vita nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, jambo lililowakosesha raha shangazi zangu wote. Kwetu ni Muyinga, mtaa wa Waislamu, baba fundi cherehani. Nilikuja Gitega kujifunza kupiga taipu, barabara ikaharibika kwa vita, nikabaki. Kazi niliipata kwenye duka dogo lililokuwa likiwaandikia watu barua na kutengeneza kompyuta chache zilizokuwepo mjini. Mwenye duka alikuwa Mkongomani wa Uvira, Mkristo, mkimbizi, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Siku aliyovuka mpaka, mlango wa lori ulimbana mkono wa kulia, na vidole vyake viwili havikukunjika tena. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu mashine lakini hakuweza kushika skrubu ndogo. Aliniajiri nipige taipu. Haikupita miezi miwili nikawa vidole vyake.

Namshukuru kwa jinsi alivyonifundisha. Hakuwahi kunipokonya kitu mkononi, labda kwa sababu hakuweza. Alikaa kwenye kigoda upande wangu wa kushoto, akasema, nami nikafanya. Diski kuukuu zilipotufikia, kutoka ofisi zilizofungwa au kwa wafanyabiashara waliozibeba pamoja na sabuni na betri, kazi ya kwanza ilikuwa kuzisikiliza. Diski nzima ikipata umeme huanza kuvuma, mvumo unapanda, unatulia, halafu unasikia kugonga kudogo mara mbili au tatu, kisha kimya. Diski inayogonga bila kukoma ni mgonjwa. Baada ya hapo tulikuwa tunaipima uso wake wote, kipande kwa kipande, na kazi hiyo ingeweza kula asubuhi nzima ikiwa umeme haukukatika. Iliyoshindwa mara moja niliipaka alama nyekundu kwa rangi yangu ya kucha, na papa, ndivyo nilivyomwita, hakukubali kamwe iwekwe kwenye mashine ya mtu.

"Mutu anakuletea kazi yake ya mwaka muzima," alikuwa akisema. "We utamuwekea mu kitu yenye unajua itamuangusha?"

Basi siku ile ya kitenge alimtazama yule mwanamke, akavuta kiti kwa mkono wake mzima.

"Mama, pole sana. Kaa kwanza, unywe chai. Hii kitu haiko ya kukimbilia."

Mwanamke yule alikuwa karani wa kituo kidogo cha Muyinga kilichokuwa kinaandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao. Lafudhi yake niliijua kabla hajamaliza sentensi ya pili. Naye akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, akakunja uso akifikiri.

"Si wewe mtoto wa fundi wa cherehani karibu na msikiti? Baba yako ndiye alinishonea nguo ya harusi."

Tukacheka kidogo, na chai ikamshuka. Kisha akatueleza. Kwa miaka miwili alikuwa ameandika kwenye kompyuta habari za kila mtoto na kila mzazi anayetafuta, kolini baada ya kolini, yaani kilima kwa kilima na watu wake: jina kama mtoto analijua, alama za mwilini, anachokumbuka cha nyumbani. Fomu za karatasi ziliwekwa ghalani, na mchwa walizila mpaka zikabaki mapande. Hilo halikumtisha sana, kwa kuwa mashine ilikuwa nayo yote. Halafu wiki iliyopita jenereta ikapandisha umeme ghafla, taa ya ofisi ikapasuka, na kompyuta ikatoa moshi; siku ya pili iliwaka tena, ila diski haikuitikia.

"Ulikuwa unaandika wakati ile?" papa akauliza.

"Nilikuwa naandika. Kidole kilikuwa juu ya herufi."

"Kuko kopi ingine?"

Karani akatazama chini. "Hapana. Hakuna aliyeniambia."

Papa hakumlaumu. Hilo pia nilijifunza kwake. Aliniambia niigeuze diski. Chini yake kuna kadi ya kijani yenye vijidude vya umeme, na kimoja kilikuwa kimetoboka, cheusi kama punje ya pilipili manga.

"Hii inaweza kuwa na ugonjwa mbili," akamwambia karani. "Ya inje ao ya ndani. Kama ni hii kadi tu, tunaweza kuibadilisha. Kama ndani pia kumeungua, mi siwezi, na sijue mutu anaweza mu hii inchi."

Tatizo ni kwamba kadi haibadilishwi ovyo. Lazima itoke kwenye diski ndugu, yenye namba zilezile. Nilimwaga kasha letu lote sakafuni, diski za alama nyekundu na zisizo na alama, nikasoma namba moja moja. Mbili zilifanana kwa mbali, hakuna iliyolingana. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia biashara na hata betri za redio zilikuwa za kutafuta. Kuagiza diski ya namba fulani ilikuwa ndoto.

Papa aliniambia nizirudishe zote kashani. Kisha akasema, "Kuko moja. Iko kwangu."

Karani alilala chumbani kwangu. Asubuhi papa alifika na kopo la maziwa ya unga, ndani limejaa pamba, na katikati ya pamba mlikuwa na diski. Namba zililingana zote. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, halafu nikaona uso wake.

Ilitoka kwenye kompyuta yao ya Uvira. Mke wake alikuwa akifundisha wakunga wa vijijini, na kwenye mashine ile alikuwa ameandika masomo yake kwa Kiswahili, mwaka baada ya mwaka. Homa ilimchukua kabla ya vita kuwafikia. Siku ya kukimbia papa aliifungua mashine, akatoa diski, akaacha vingine vyote. Tangu siku ile hakuwahi kuiwasha.

Nilijua hatari kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: ukifunga kadi nzima kwenye diski iliyoungua ndani, kadi nayo inaweza kuungua palepale.

"Papa, tutafute nyingine," nikasema.

"Utaitafuta wapi?"

Nikalitazama kasha letu la diski.

"Basi tutakopi kwanza," akasema. "Ile kitu mama huyu hawakumuambia, sisi tunaijua."

Niliiunganisha diski yake kwenye mashine yetu. Mvumo ukapanda, ukatulia, ukagonga mara mbili, kimya. Ilikuwa nzima. Masomo ya mke wake yalienea kwenye disketi tatu, na nilitengeneza nakala mbili za kila moja, nikazijaribu zote kama zinafunguka. Papa alikuwa amegeukia dirishani. Nilipomwambia nimemaliza akaomba nimsomee somo moja, lolote. Nikafungua la kwanza lililokuwa mbele yangu, nikasoma: "Mama akikuambia amechoka, mwamini. Usimhesabie masaa. Mpe maji, mpanguse uso, umwambie kazi imebaki ndogo, hata kama huna hakika."

Akacheka, machozi yakimtoka. "Ni vile alikuwa anasema. Ni vile kabisa." Kisha akapangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Haya. Fungua skrubu."

Skrubu zile zilikuwa na kichwa cha nyota, na bisibisi yetu tuliichonga wenyewe kwa tupa. Nilitoa kadi ya diski yake, nikasafisha vishikio vyake vya umeme kwa raba ya kufutia penseli, taratibu, nikaifunga kwenye diski ya Muyinga. Karani alikuwa kwenye kona amekaa juu ya mkeka wangu, midomo ikimcheza kwa dua. Papa alisogeza kigoda mpaka bega lake likagusa langu.

"Washa. Na kidole kikae karibu. Ukisikia harufu, zima."

Nikawasha. Hakukuwa na harufu. Kwa muda hakukuwa na kitu chochote. Halafu mvumo ukaanza, chini kabisa, ukapanda, ukasita, ukapanda tena. Ikagonga mara mbili, mara tatu, mara nne. Nikamtazama papa. Mara ya tano. Kimya.

Kwenye kioo cheusi cha mashine yakaanza kushuka majina ya kolini, moja chini ya jingine, kama karani alivyoyaandika. Alinyanyuka mkekani, akaja akasimama nyuma yangu, na badala ya kulia akaanza kuyasoma kwa sauti. Alisoma mpaka mwisho wa orodha.

Kazi yenyewe ilikuwa bado. Umeme ule uliopanda ulikuwa umeikuta diski ikiandika, na sehemu fulani za uso wake zilikuwa zimeharibika. Nilinakili faili moja moja kwenye diski nyingine tuliyokwisha kuipima. Nyingine zilipita upesi, nyingine zilikwama na mashine ikauliza kama ijaribu tena au iache. Kila ilipokwama mikono yangu ilitaka kulazimisha.

"Acha ile," papa akasema. "Chukua zenye zinakubali. Zenye zinakataa tutazirudilia kama imepumzika."

Umeme wa mji ulikuwa unakuja na kwenda, kwa hiyo ilituchukua siku nne. Diski ikipata joto tuliizima, tukaiacha ipoe mbele ya dirisha, na hewa ya Gitega haikosi ubaridi. Karani alitupikia, akafagia duka, akawapokea wateja. Siku ya nne tulikuwa tumeokoa kila kitu isipokuwa faili tatu, zote za Mwakiro, tarafa mojawapo ya Muyinga. Hizo hazikufunguka hata kwa kubembelezwa. Papa aliniambia niirudishe kadi kwenye diski yake. Niliirudisha, nikaiwasha, ikavuma kama kawaida.

"Sasa utaenda naye Muyinga," papa akaniambia. "Wawekee mu mashine yao diski yenye tumeipima. Kopi mbili: moja ofisini, ingine nyumba ingine kabisa. Na ile ya Mwakiro, muandike upya."

"Na wewe hapa peke yako?"

"Mi niko na kinywa. Nitaongea na bateja."

Tulisafiri na msafara, magari yamefuatana, askari mbele na nyuma, kupitia njia ya Karuzi. Mahali pawili tulisimamishwa na tukashuka. Askari mmoja alinifungulia mfuko, akaitoa diski, akauliza ni kitu gani. Karani akajibu kabla yangu: "Ni watoto." Askari alimtazama, akaitazama tena diski, akairudisha mfukoni kwa mikono miwili.

Nyumbani Muyinga baba alizidi kuwa mfupi, au mimi nilikuwa nimesahau. Aliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana barua zangu hakuzielewa. Nikamweleza habari ya kadi, ya diski mbili, ya masomo ya wakunga. Alisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano. "Huyo bwana wako Mkongomani," akasema, "nitamshonea suruali." Na kweli alishona, kwa kukisia kipimo, ikamkaa vizuri.

Mwakiro nilikwenda na karani kwa pikipiki ya ofisi, daftari mfukoni. Niliogopa. Watu wale walikuwa wameshasimulia maumivu yao mara moja, na sasa tunakwenda kuwaambia maneno yao yamepotea, wayaseme tena. Nilitegemea hasira, na kwa mwanamke mmoja tuliipata, alitufungia mlango. Lakini wengine walitutolea viti. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitafuta wanawe wawili alikuna kichwa, akasema kwa Kirundi, karani akinitafsiria maneno ambayo sikuyashika: "Vizuri mmerudi. Mara ile nilisahau kuwaambia mdogo ana kovu kisigino. Nimelifikiria mwaka mzima." Tukaliandika lile kovu. Siku ya pili yule mwanamke wa mlango alikuja mwenyewe kututafuta shuleni tulipokuwa tumekaa.

Tuliporudi ofisini Muyinga, nikiwa bado naingiza zile za Mwakiro, aliingia mama mmoja wa tarafa ya Buhinyuza. Alikuwa amekimbilia Tanzania mapigano yalipofika kwao, akakaa kambini miaka minne, akarudi. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kimenyooka. Hakuwa amewahi kuandikishwa popote upande wetu.

"Namtafuta binti yangu," akasema. "Nilimpoteza njiani, watu walikuwa wengi. Alikuwa na miaka minne. Sasa atakuwa na minane."

Karani alimuuliza jina, akaandika, akaanza kutafuta. Jina halikuwepo. Mama alikuwa anajua halitakuwepo; alishika ukingo wa meza kama mtu anayejiandaa kusimama. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine, na nikamwambia karani tuache jina, mtoto wa miaka minne huitwa kwa majina ya kubembelezwa. Nikamgeukia mama.

"Nyumbani kwenu kulikuwa na nini ambacho mtoto hawezi kusahau?"

Alifikiri. "Mbuzi. Tulikuwa na mbuzi mweusi mwenye pembe moja. Alikuwa anamwogopa, halafu anamfuata."

Nikaandika neno "mbuzi" nikaiacha mashine itafute. Ilituletea kwanza habari za wengine, maana nani Burundi hana mbuzi. Ya sita ilisema: msichana, aliokotwa njiani Buhinyuza na familia iliyokuwa ikikimbia, yuko kwa mama mlezi Gitega, anasema kwao kuna mbuzi mweusi wa pembe moja, na mama yake ana alama ya moto mkono wa kushoto.

Karani alisoma kwa sauti, akafika kwenye alama ya moto, akainua macho. Mama alikuwa ameshapandisha mkono wa blauzi. Kovu lilikuwa pale, limeng'aa, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo.

Faili ile ilikuwa ya kolini mojawapo ya Buhinyuza. Mimi ndiye niliyeinakili, siku ya pili, na nakumbuka ilikwama mara mbili kabla ya kupita.

Nilirudi Gitega na msafara uleule ambao mama alisafiri nao, pamoja na karani aliyeshika karatasi zake. Njia nzima mama alitazama barabara. Karibu na mjini ndipo aliponigeukia.

"Kama hatanijua?"

Nilikumbuka somo nililomsomea papa, lakini sikuthubutu kumwambia kazi imebaki ndogo. Nikamshika mkono tu.

Mama mlezi alikaa nyuma ya soko, mjane mwenye watoto wake watatu na huyu wa nne. Alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amemvalisha binti gauni safi na kumsuka, na macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Binti alisimama nyuma yake akiwa ameshika sketi yake, akitutazama sisi wanawake watatu bila kujua ni yupi.

Hakumjua. Nasema kweli, hakukimbia kumkumbatia mtu. Mama wa Buhinyuza alichuchumaa mbali kidogo, akapandisha mkono wa blauzi, akaunyoosha mbele yake. Binti aliutazama. Akaja taratibu, akaweka kidole chake juu ya kovu, akalifuata mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa Kirundi, kwa sauti ndogo sana, kama mbuzi bado yupo.

"Hayupo," mama akajibu. "Tutatafuta mwingine."

Ndipo mama mlezi alipoangua kilio, na yule wa Buhinyuza akamwacha binti akamwendea yeye. Alipiga magoti mbele yake pale uani, akashika miguu yake. Mlezi akamnyanyua kwa nguvu. "Inuka, dada," alimwambia. "Mtoto anatuona."

Hawakuondoka siku ile. Binti alikuwa shuleni na muhula ulikuwa haujaisha, kwa hiyo wale wanawake wawili walikubaliana mama abaki pale nyumbani mpaka ufungwe, wamlee pamoja kwanza. Alikaa wiki saba. Alikuwa anapita dukani kwetu akienda kisimani, akisalimia kwa kupunga mkono, na mara moja alituletea viazi vitamu alivyochimba kwenye kiwanja cha mlezi. Papa alivikataa kwa adabu, kisha akavila.

Vita viliendelea miaka kadhaa baada ya hapo, na si kila jina kwenye diski ile lilipata wa kuliitikia. Sitaki mtu adhani yote yalipata. Papa alirudi Uvira wakati njia zilipofunguka, nami nikabaki na duka, halafu nikalihamishia Muyinga. Watu bado wananiletea diski zilizokufa, na wengi wanakuja na uso uleule wa karani. Nawapa chai. Nawauliza kama wana nakala, na wakisema hapana siwalaumu.

Mara ya mwisho niliyokwenda Buhinyuza ilikuwa kwa harusi ya yule binti. Binti aliniweka nikae kati ya mama zake wawili, na wote wawili walikuwa wakinijazia sahani bila kuniuliza.